Msimzungushe Mtoto

Mzee Gofur hakunywa chai ya asubuhi kabla ya kulizunguka bwawa. Ndivyo alivyozoea tangu afiwe na mkewe. Alimbeba mjukuu wake Tuni kiunoni, akashika fimbo kwa mkono wa pili, wakatembea taratibu ukingoni. Tuni alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Maneno yake yalikuwa machache, na alilolipenda kuliko yote lilikuwa bata.

Kenge akijianika juu ya gogo, bata. Mdiria akijitupa majini na kutoka na kisamaki mdomoni, bata. Chura, konokono, kereng'ende mwekundu aliyetua juu ya yungiyungi, wote walikuwa bata.

"Huyu si bata, bibi mdogo," mzee alimwambia, akimwonyesha kenge. "Huyu ni mwenyekiti wa kijiji. Tazama anavyonenepa bila kufanya kazi."

Tuni alimtazama kenge kwa makini, kisha akatoa hukumu yake. "Bata."

Parul, mama yake Tuni, aliwasikia kutoka jikoni. Alicheka huku amejifunika mdomo kwa upindo wa sari, maana haikuwa adabu kucheka kwa sauti mbele ya baba mkwe.

Nyumba yao, kama nyumba zote za mtaa wa Nolbuni, ilijengwa juu ya tuta kubwa la udongo ili mafuriko yasiifikie. Udongo ulichimbwa palepale uani, na shimo lililobaki likawa bwawa. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na bwawa lake, hatua ishirini au thelathini kutoka mlangoni. Mto ulikuwa na chumvi kwa sababu bahari haikuwa mbali. Bwawa ndilo lililowapa maji matamu ya kuoga, ya kuosha mchele na ya kufuga samaki. Ndilo pia lililokuwa uwanja wa michezo. Watoto wakubwa walipiga mbizi, wakatega samaki kwa shuka kuukuu, wakashindana nani atamshika chura kwanza. Jhinuk, binti mkubwa wa Parul, alikuwa na miaka minane, lakini hakujua kuogelea. Yeye alicheza kwenye ngazi ya tatu tu, maji yakimfika magotini.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na bwawa lilikuwa limejaa mpaka gogo la juu la ngazi. Jhinuk alikwenda shule. Saa nne kasorobo, mzee Gofur alimtua Tuni uani, akamwambia nenda kwa mama. Alimwona akielekea jikoni. Basi akashika njia kwenda dukani kununua chokaa ya tambuu.

Parul alikuwa ameupa ua mgongo. Moshi ulikuwa mwingi kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Alisikia kikohozi cha mzee kikielekea barabarani, akadhani amemchukua Tuni, kwani mara nyingi walikwenda dukani pamoja. Akaendelea na kazi. Alimwaga maji ya wali. Alimenya vitunguu. Aliparua samaki wadogo bakuli zima.

Mzee alirudi peke yake. Akasimama uani, akasema, "Mwambie Tuni nimemletea biskuti."

Parul aligeuka na kisu mkononi. "Si mlikuwa naye, baba?"

Wote wawili walikimbia upande mmoja bila kuambiana.

Blauzi nyekundu ya Tuni ilionekana katikati ya majani ya yungiyungi. Selim, mume wa jirani yao Hasna, aliruka akamtoa. Parul alinyoosha mikono kumpokea, lakini wanawake wawili walimshika. Walimwambia asimguse, maana watu wa Nolbuni waliamini kwamba mama akimgusa mtoto aliyetoka majini, pumzi yake ya mwisho humfuata mama. Akashikwa pale, futi tano kutoka kwa mwanawe.

Mzee Gofur alimshika Tuni miguu. Akamwinua juu ya kichwa chake, akaanza kuzunguka naye, ili maji yatoke. Hivyo ndivyo baba yake alivyofanya, na hivyo ndivyo kila mtu alivyojua. Maji yalitoka mdomoni. Watu wakasema yanatoka, yanatoka, zungusha. Mzee alizunguka mpaka akaanguka. Selim akampokea, akazunguka. Baada ya Selim akaja mwingine. Katika watu wote wale, hakuna aliyetega sikio puani kwa mtoto.

Walimzungusha mpaka mwito wa adhuhuri. Kabla ya alasiri walikuwa wamemzika chini ya mipopoo, nyuma ya nyumba.

Helal, mumewe Parul, alikuwa kibarua wa ujenzi mjini. Alifika kesho yake, akakuta kaburi dogo limekwisha kupigwa na mvua. Alikaa siku nane. Siku ya kuondoka alimuuliza mkewe swali moja tu. "Ulikuwa wapi?" Baba yake hakumuuliza kitu, kwa kuwa mtoto hamhoji baba yake. Parul alijibu kwamba alikuwa jikoni. Na kweli, angekuwa wapi saa ile?

Majirani walikuja na wali na dengu. Walisema bwawa limechukua chake. Walisema yaliyoandikwa hayafutiki. Lakini zaidi ya yote walimsifu mzee. "Gofur alijitahidi," walisema. "Alizungusha mpaka akaanguka mwenyewe. Babu gani mwingine angefanya vile?" Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakula vizuri, hakulala vizuri. Sifa ile ndiyo iliyokuwa mkongojo wake.

Bwawani hakwenda tena. Parul naye alimkataza Jhinuk kukanyaga hata ngazi ya kwanza. Alimuogesha uani kwa ndoo, kama mtoto mchanga, na wenzake wakamcheka wakimwita binti wa ndoo. Jhinuk alivumilia. Alijua mama yake halii mbele ya watu, na alijua analia wapi.

Baada ya dua ya arubaini, mwanamke mmoja alipiga hodi. Alivaa sari ya kijani, viatu vyake vimejaa tope. Alisema anaitwa Monowara, mhudumu wa afya wa vijiji vya kando ya mto. Alitoa pole, akakaa kwenye mkeka. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne," Parul alisema.

"Na mlikuwa mnapika."

"Wanawake wote hupika saa hiyo. Umekuja kunifundisha kulea, dada?"

Monowara hakukasirika. Alieleza kwamba katika vijiji anavyopita, watoto wadogo wengi hupotea majini kati ya saa tatu na saa saba mchana. Wanaume wako kazini, wakubwa wako shuleni, mama yuko jikoni. Na karibu kila nyumba husema maneno yaleyale: huyu alidhani mtoto yuko kwa yule, na yule alidhani yuko kwa huyu. Alisema si bwawa lililokuwa na njaa. Mtoto wa umri ule hana hofu ya maji. Hufuata kinachomvutia, akateleza, akazama kimya bila hata kuita.

"Sikuja kwa ajili ya aliyekwenda," alimaliza. "Kwake sina dawa. Nimekuja kwa sababu una mtoto mwingine, Hasna ana wake, na bwawa liko palepale."

Alipoondoka, Parul alimsindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi iliyofuata, kwa mwito wa Monowara, wanawake kumi na watano walikusanyika uani kwa mzee Gofur, kwa kuwa ua wake ndio mpana. Monowara alikuja na mwanasesere wa mpira, mkubwa kama mtoto wa miaka miwili. Wanawake walimcheka yule mwanasesere. Mmoja alisema anafanana na mdogo wa mume wake, mdomo wazi siku nzima. Mzee alikaa barazani akikata popoo kwa mkasi wake. Parul alijua anasikiliza, ingawa alijifanya hayupo.

Monowara alimlaza mwanasesere chali juu ya ubao. Aliwaambia kwanza waite watu kwa sauti. Kisha waangalie kama mtoto anapumua. Kama hapumui, wainamishe kichwa chake nyuma kidogo na kuinua kidevu, ili njia ya hewa ifunguke. Wabane pua yake kwa vidole, wafunike mdomo wake kwa mdomo wao, wapulize taratibu mpaka kifua kiinuke. Mara tano. Kwa kichanga, mdomo wa mtu mzima ufunike mdomo na pua pamoja.

"Kama bado haamki," alisema, "weka kiganja kimoja katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu na kwa haraka mara thelathini. Puliza mara mbili. Rudia, wala usiache, mpaka apumue au daktari afike. Akitapika, mgeuze ubavu, umfute, uendelee. Hata akiamka, mpelekeni hospitali siku ileile."

Kisha akasema lililobaki.

"Na msimzungushe. Maji ya tumboni siyo yanayomuua. Kinachomuua ni kukosa hewa. Ukimzungusha, maji ya tumbo yanatoka, mnafurahi, na dakika zake zinaisha. Yeye anataka pumzi, na pumzi mnayo vifuani mwenu."

Mkasi wa popoo ulinyamaza. Wanawake walitazama vidole vya miguu yao. Hakuna aliyethubutu kugeukia barazani.

Wenzake walipokwisha kuondoka, Parul alimfuata Monowara chini ya mianzi. Alimwomba asiseme tena maneno yale katika ua ule. Alisema mzee hana kingine cha kushika.

"Nikiacha hilo, nimeacha yote," Monowara alisema kwa upole. "Kesho mtoto mwingine atatolewa majini. Unataka wafanye nini?"

Usiku ule Parul alitunga uongo wa kumwambia baba mkwe. Angemwambia kwamba yule dada ni mgeni, hajui mambo. Angemwambia kwamba vitabu vya mjini vinabadilika kila mwaka. Akaukariri mpaka ukamtoka vizuri.

Asubuhi mzee alimwita. "Mama Jhinuk. Yule dada alisema kweli?"

Parul alivuta upindo wa sari usoni. Uongo aliuandaa, lakini haukutoka. "Alisema kweli, baba."

"Basi ni mimi."

"Hatujui alikaa majini muda gani. Pengine alikuwa amekwisha kwenda. Na mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Wewe ulifanya ulichojua."

"Nilifanya nilichojua," mzee alirudia polepole, kama mtu anayeonja kitu asichokitambua. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku mbili hakula. Siku ya tatu alitoka na panga, akaenda kwenye kichaka chake cha mianzi. Alikata, akachana fito, akazisuka. Alilizungushia bwawa lote ua wa kimo cha kifua cha mtu mzima, fito zikiwa zimebanana hata paka asipite. Akaweka mlango mmoja kwenye ngazi, na komeo lake akalifunga juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Parul alimpelekea maji. Mzee alipomaliza kwake, alikwenda kwa Selim akaanza kuwachania fito na wao.

Mambo mengine yalifuata, moja baada ya jingine. Wanawake walikubaliana watoto wadogo wakae pamoja kuanzia saa tatu mpaka saa saba, kwenye baraza la Hasna lililowekewa kizuizi mlangoni. Monowara alitaka watu wawili wa kuwatunza, waliopata mafunzo. Hasna alikuwa wa kwanza. Wa pili akajitokeza Parul. Wengine walinong'ona. Mama mkwe wa Hasna alisema wazi kwamba huwezi kumpa mbuzi mtu aliyepoteza mbuzi wake. Parul alisikia. Alikwenda hivyohivyo. Kila asubuhi aliwahesabu watoto kumi na mmoja wakiingia na kumi na mmoja wakitoka. Wakati mwingine aliwahesabu mara tatu katika saa moja, na Hasna alijifanya haoni.

Jambo gumu zaidi lilikuwa la Jhinuk. Majira ya baridi yalipopita, Monowara alileta vijana wa kike wawili wa kufundisha kuogelea. Katika bwawa la Selim walifunga jukwaa la mianzi chini ya maji, ili watoto wasimame juu yake maji yakiwafika kifuani. Watoto wa miaka sita na kuendelea walijiandikisha. Jhinuk alimwambia mama yake kwamba darasani kwao ni yeye tu asiyejiandikisha.

"Utabaki na ndoo yako," Parul alimwambia.

"Mama, ndoo haitanifuata maisha yangu yote. Nikivuka mto kwenda sekondari, utakuja na ndoo?"

Parul alikaribia kumpiga. Badala yake alikaa chini. Aliona kwamba mtoto amesema alichokuwa akikijua mwenyewe. Nchi yao yote ilikuwa maji. Kumficha Jhinuk asiyaone kulikuwa sawa na kumwacha bila mikono. Kesho yake alimpeleka mwenyewe. Akashuka ngazi na sari yake, akaingia majini mpaka kifuani, akasimama kando ya jukwaa. Baada ya wiki tatu Jhinuk alivuka bwawa zima, akaelea chali, akajifunza kumtupia mwenzake kamba au fimbo ndefu bila kumrukia. Alirudi akimsimulia babu yake kwamba chini ya jukwaa amehamia kambare mwenye sharubu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama kambare ni mkubwa.

Lakini jambo moja lilibaki. Kila Monowara alipofundisha katika mitaa mingine, watu walimpinga. Walisema, "Dada, usitudanganye. Gofur wa Nolbuni ni mtu mzima mwenye akili zake, na yeye alizungusha. Mtoto hakupona kwa sababu siku zake zilikuwa zimekwisha." Monowara alimweleza Parul hayo bila kumwomba kitu. Parul akayabeba moyoni. Alijua kwamba mtu mmoja tu ndiye awezaye kuyakanusha. Alijua pia kwamba hawezi kumwambia. Angemwambiaje? Baba, nenda kasimame mbele za watu, useme ulivyompoteza mjukuu wako?

Ikaja Ijumaa moja katika mvua za mwaka uliofuata. Ijumaa baraza la Hasna lilifungwa, kila mtoto alikaa kwao. Hasna alikuwa amefua nguo asubuhi, akapanda kuzianika, na mlango wa ua wa bwawa ukabaki wazi nyuma yake. Bokul, binti yake, alikuwa hajatimiza miaka miwili na nusu.

Parul alisikia kelele akiwa anaosha sufuria. Alipofika, Selim alikuwa amekwisha kumtoa Bokul. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Watu wengi walikuwa wamekusanyika, wengine wakitoka kujitayarisha kwa sala. Hasna alikuwa ameshikwa mikono na wanawake wawili. Alikuwa amesahau mafunzo yote, analia tu. Na Selim, ambaye mkewe alipata mafunzo, alikuwa amekwisha kumshika mtoto miguu. Hofu inapomjia mtu, mikono hurudia ilichozoea.

"Mlaze chini," Parul alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote, na hakuna aliyemsikia. Mwanamume mmoja alimsukuma kando, akamwambia Selim azungushe haraka.

Ndipo mzee Gofur alipopita katikati ya watu. Hakuwa na fimbo. Alimshika Selim vifundo vya mikono.

"Msimzungushe," alisema. "Mimi nilimzungusha wa kwangu. Nilizunguka nao uhai wake mpaka ukaisha. Mlaze mtoto chini, Selim. Mpe huyu mama."

Selim alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Akamlaza.

Parul alipiga magoti kwenye tope. Aliinamisha kichwa cha Bokul nyuma, akainua kidevu, akabana pua. Akapuliza. Kifua hakikuinuka. Akarekebisha kichwa, akapuliza tena, na safari hii kifua kiliinuka kidogo. Mara tano. Kimya. Aliweka kiganja katikati ya kifua kile chembamba, akabonyeza, akihesabu kwa sauti mpaka thelathini. Akapuliza mara mbili. Akarudia. Nyuma yake watu walianza kusema amekwisha, mwacheni. Mzee Gofur aliwaambia wanyamaze, na wakanyamaza. Parul alisema bila kuinua uso, "Mwachieni mama yake aje amshike mkono." Wakamwachia.

Katika mzunguko wa tatu mtoto alishtuka. Parul alimgeuza ubavu. Bokul alitapika maji na wali, akakohoa, kisha akalia. Kilikuwa kilio kibaya, cha kukwaruza, na hakuna aliyetaka kiishe.

Walimfunika kwa shali kavu, wakampakia kwenye baiskeli ya mizigo pamoja na mama yake, wakaenda hospitali. Alikaa siku mbili, akarudi mzima.

Watu walipotawanyika, Parul alibaki amekaa kwenye tope. Alikuwa akiwaza jambo ambalo mwaka mzima hakujiruhusu kuliwaza. Dakika zile. Kama siku ile angejua. Kama siku ile wasingemshika. Furaha ya Bokul na uchungu wa Tuni vilimjia pamoja, hata hakujua analia kipi.

Mzee alikaa karibu naye, ingawa haikuwa desturi baba mkwe kukaa chini na mke wa mwanawe. "Umesikia alivyolia?" alimuuliza.

"Nimesikia, baba."

"Wa kwetu naye pengine angelia hivyo."

"Pengine."

Mzee alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, na watu waliokuwa wakienda msikitini walipita wakiinamisha vichwa.

Tangu Ijumaa ile, ua wa kila bwawa la Nolbuni una mlango unaojifunga wenyewe kwa jiwe na kamba, na baraza hufunguliwa hata Ijumaa. Miaka miwili imepita, hakuna mtoto wa mtaa ule aliyezikwa kwa sababu ya maji. Jioni watoto waliokwisha kujua kuogelea hujaa bwawani, mtu mzima mmoja akikaa ngazini kuwaangalia. Huwatafuta konokono, humtania kenge, hulia wakilazimishwa kutoka.

Na Monowara haendi tena vijijini peke yake. Mara moja kwa wiki mzee Gofur humfuata, wakivuka kwa mtumbwi. Parul alimkataza mara moja, akimwambia umri umeenda na jambo lenyewe linamuumiza. Mzee alikubali kwamba linamuumiza, akatafuta viatu vyake.

Safari moja Parul alikwenda naye, kwenye mtaa ulio karibu kabisa na bahari. Watu walikuwa wengi. Mzee alisimama, akawaambia jina lake, akawaambia siku, saa, na chokaa ya tambuu aliyokwenda kuinunua. Akawaambia alivyomshika mjukuu wake miguu, na muda aliozunguka, na sifa alizopewa. Hakupamba wala hakupunguza. Mwanamume mmoja wa nyuma, aliyekuwa amechelewa kufika, aliinua mkono.

"Na huyo mjukuu, mzee, alipona?"

"Hapana," mzee Gofur alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

Kisha akapiga magoti taratibu kando ya mwanasesere, akawaita wasogee, akawaonyesha mahali pa kushika kidevu.